Daftari, kompyuta ya hospitali au simu: habari za ugonjwa wako zikae wapi?

Mgonjwa wa Mafinga, Makambako au Tukuyu, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, leo ana mahali patatu ambapo habari za ugonjwa wake zinaweza kukaa. Pa kwanza ni karatasi: daftari alilonunua dukani kwa ajili ya zahanati, kadi ya kliniki, kadi ya CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU), cheti cha dawa, na faili lililo kabatini hospitalini. Pa pili ni kompyuta ya hospitali. Vituo vingi vya halmashauri vinatumia GoTHOMIS, mfumo wa serikali, na hospitali nyingine zina mifumo yao. Pa tatu ni simu yake mwenyewe: picha ya majibu ya maabara, programu ya kuhesabu siku za hedhi, ujumbe wa kumkumbusha tarehe ya kliniki.

Si kila kitu ni cha kuchagua. Ukienda hospitali inayotumia kompyuta utaingizwa kwenye kompyuta, upende usipende, na zahanati ya kijijini itakutaka uje na daftari. Hata hivyo nafasi ipo: nini ukibebe, nini ukiache hospitalini, nini usikipige picha kabisa, na useme nini pale dirishani.

Mtandaoni, habari ya siri ya mgonjwa ikitajwa tu watu hukimbilia kuwataja wadukuzi. Mimi namtaja jirani kwanza. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022/23 ulikuta maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 4.4 kwa nchi nzima, lakini Njombe ni 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Kwa Njombe hiyo ni kama mtu mmoja kati ya wanane. Ungedhani kwa wingi huo aibu ingekuwa imeisha. Haijaisha. Bado utamkuta mtu anapita CTC iliyo karibu na kwake, anapanda basi hadi mkoa wa pili kuchukua dawa, na hakuna mdukuzi anayemkimbiza. Anamkwepa mama wa kwaya anayefanya kazi mapokezi.

Kwa hiyo ulinganisho huu naupanga kwa kuanza na swali hili.

Nani anaweza kusoma bila wewe kujua?

Daftari ni jepesi kuliko yote kusomwa. Halina kufuli. Angalia linavyosafiri asubuhi moja: unalipanga kwenye foleni ya madaftari mezani, jina juu, mhudumu analichukua na mengine kumi kulipeleka kwa daktari, linatoka na jina linaitwa kwa sauti, unakwenda nalo maabara, matokeo yanaandikwa ukurasa uleule, unakwenda nalo dirisha la dawa, dawa haipo, unavuka barabara kwenda duka la dawa. Muuzaji anataka cheti cha leo tu, lakini cheti kimo ndani ya daftari, na vidole vyake vinafunua kurasa za nyuma huku anaongea na wewe kuhusu mvua. Jioni liko juu ya kabati la vyombo. Wifi yako anajua kusoma.

Faili la karatasi la hospitali lina afadhali kidogo kwa kuwa halilali kwako, lakini hapo pana watu wengi wanaolishika, na hakuna hata mmoja anayeacha alama. Mtu akilivuta faili lako saa nane mchana, akasoma, akalirudisha, hilo jambo halikutokea. Utalisikia msibani miezi mitatu baadaye na hutajua lilianzia wapi.

Kompyuta inatofautiana hapo hasa. Mfumo uliowekwa vizuri unataka kila mtumishi aingie kwa jina na nywila yake, na kila faili likifunguliwa inabaki kumbukumbu ya nani na saa ngapi. Pia unaweza kuwekewa mipaka: wa malipo aone bili, wa maabara aone vipimo vilivyoagizwa, daktari aone historia. Kwa karatasi hilo haliwezekani, maana daftari ukilifungua umelifungua lote.

Lakini nimesema "uliowekwa vizuri". Katika hospitali moja ya huku niliyokuwa nikimpeleka mzazi, kioo cha kompyuta ya mapokezi kiligeuzwa upande wa foleni ili karani asipigwe na mwanga wa dirisha. Aliyesimama mbele yako ulikuwa unasoma jina lake, umri, kijiji na kliniki anayokwenda. Karani akienda kunywa chai, kijana wa mafunzo alikaa palepale akaendelea kwa jina lilelile la karani. Siku hiyo ingetokea siri kuvuja, kumbukumbu ya mfumo ingemtaja mtu aliyekuwa kantini. Nywila ya kuazimana inaifanya kompyuta kuwa daftari lenye umeme.

Na kuna jambo ambalo hakuna mfumo unaolitibu: sauti. "Nani wa CTC? Pitia mlango ule." Unaweza kuwa na mashine za mamilioni, sentensi hiyo moja ikazifanya zote kazi bure. Ndiyo maana nikiingia hospitali mpya naitazama kompyuta baadaye. Kwanza nasikiliza wanavyoita watu.

Simu je? Watu wengi wanaiona ndiyo salama kwa kuwa iko mfukoni. Hesabu wanaoishika: mke au mume, mtoto anayetaka gemu, fundi simu anayekuomba umwachie na namba ya kufungulia "ili nijaribu kioo". Kisha kuna laini. Huku kwetu laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha mtu mwingine ni jambo la kawaida, na wazazi wetu vijijini wengi hawana simu kabisa, wameandikisha hospitalini namba ya mtoto, ya mpwa au ya mwenye duka. Ujumbe wa kukumbusha kliniki unaingia kwenye simu ya mwenye duka. Hapo hospitali haikukosea chochote, imetuma kwenye namba iliyopewa.

Picha ndiyo mbaya zaidi. Unapiga picha karatasi ya majibu umtumie dada yako aliye Dar akuulizie kwa daktari anayemfahamu. Kwa nia njema dada anaitupa kwenye grupu la familia, lenye watu arobaini na tisa, pamoja na mchumba wa binamu. Futa upendavyo, picha imeshajihifadhi kwenye simu zao.

Zikivuja, zinavuja kiasi gani?

Hapa karatasi inashinda, na ni vizuri kuikubalia. Daftari likipotea kwenye basi, kimepotea cha mtu mmoja. Kompyuta ikivuja, wanavuja maelfu kwa usiku mmoja.

Mfano wa Ufini ndio unaonitisha zaidi. Kampuni ya tiba ya kisaikolojia iitwayo Vastaamo iliibiwa kumbukumbu za wateja wake takriban 33,000, na mwaka 2020 mwizi alianza kuwaandikia wagonjwa wenyewe, mmoja mmoja, akidai pesa asianike waliyomwambia mshauri wao chumbani. Aliyefanya hivyo alihukumiwa kifungo mwaka 2024, lakini maneno yaliyokwisha kuanikwa hayafungwi jela.

Mfano wa pili ni wa Singapore, Januari 2019: majina na taarifa za watu 14,200 wenye VVU zilivujishwa mtandaoni. Ukiusoma kwa makini, hakuna mtu aliyevunja mlango wa kompyuta. Taarifa zilitoka kupitia mtu wa karibu wa daktari aliyekuwa na ruhusa halali ya kuzifungua. Singapore ni mbali, lakini hicho kisa hata Uyole kingeeleweka bila mkalimani.

Programu za simu zina uvujaji wa aina yake, wa kimyakimya na wa kibiashara. Mwaka 2021 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, ilifikia makubaliano na Flo, programu ya kufuatilia hedhi inayotumiwa na mamilioni ya wanawake, baada ya kuituhumu kuwa ilizipatia kampuni nyingine, zikiwemo Facebook na Google, taarifa ambazo watumiaji waliahidiwa zingebaki siri. Na hata sheria yao maarufu ya siri ya mgonjwa, HIPAA ya mwaka 1996, inazibana hospitali, bima na wanaofanya kazi kwa niaba yao. Programu uliyojipakulia mwenyewe kwa kawaida iko nje yake. Sasa wewe uliye Ilula ukabonyeza "nakubali" bila kusoma, unamtegemea nani?

Tena programu hufa. Google Health ilifunguliwa 2008 ikafungwa mwanzoni mwa 2012. HealthVault ya Microsoft ilidumu tangu 2007 hadi 2019. Hizo ni kampuni zenye fedha kuliko nchi nyingi, na bado ziliwaambia watu wachukue vitu vyao waondoke. Usiweke historia yako pekee kwenye programu ya kampuni changa uliyoiona kwenye tangazo.

Bei ya kuficha

Hili halizungumzwi vya kutosha. Watu wa huku wamejitengenezea njia yao ya kulinda siri: madaftari mawili. Moja la malaria, kifua na tumbo, linalokaa mezani. La pili, au kadi ya CTC, limefungwa kwenye nailoni chini ya godoro au liko kwa rafiki. Naielewa kabisa njia hii. Ila daktari anayeona daftari la kwanza tu anakutibu nusu.

Chukua dolutegravir, dawa ya VVU, ambayo imo ndani ya kidonge kimoja cha siku ambacho wengi wa CTC wanakitumia. Ukigundulika na kifua kikuu na ukaanzishiwa dawa zenye rifampicin, kiwango cha dolutegravir mwilini hushuka, na utaratibu ni kuiongeza iwe mara mbili kwa siku badala ya moja. Aliyeficha kadi hataongezewa. Au jambo dogo zaidi: kiungulia. Dawa za kutuliza asidi zenye magnesiamu au aluminiamu, zile za kutafuna zinazouzwa duka lolote la dawa, huizuia dolutegravir isiingie mwilini vizuri; inatakiwa imezwe saa mbili kabla yake au saa sita baadaye. Muuzaji hawezi kukuambia kitu ambacho hakijui.

Kwa kipengele hiki kompyuta ya hospitali inaziacha mbali karatasi na simu, kwa sharti kwamba unatibiwa palepale. Daktari anaona unachotumia bila wewe kukitaja mbele ya shangazi aliyekusindikiza. Ila usitegemee kwamba faili lako la Mafinga litafunguka ukifika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Mara nyingi kinachokufikisha huko ni barua ya rufaa ya karatasi, nawe ndiye unayeibeba. Omba bahasha, omba ifungwe. Nimeona barua za rufaa zikisafiri zimekunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati, zikisomwa na kila aliyechangia nauli.

Na mvua? Rungwe karatasi haikauki, Makete inaota ukungu, panya hawachagui. Kompyuta nayo umeme ukikatika inanyamaza hadi jenereta iwake. Hayo tuyaache, hayaamui jambo.

Sheria inasimama upande gani?

Inasimama upande wako, kwenye karatasi na kwenye kompyuta sawasawa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti na inakupa haki ya kuziona, kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa, na kudai fidia ukidhurika. Ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupokea malalamiko. Kwa upande wa VVU, sheria ya mwaka 2008 ilishaweka kwamba majibu ni ya aliyepimwa, ikiacha milango michache, ukiwemo wa mwenzi na wa mzazi wa mtoto.

Tofauti iko kwenye ushahidi. Ukilalamika kuwa mtu alisoma daftari lako, utathibitisha nini? Ukilalamika kuwa mtu alifungua faili lako la kompyuta bila sababu ya kazi, kuna cha kuchunguza, ilimradi ile nywila isiwe ya kuazimana. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuipa kompyuta kura, pamoja na hofu zote za Ufini.

Nani achague nini

Mzee au bibi mwenye presha au kisukari: daftari, tena wazi. Ugonjwa huu kwa wengi hauna aibu, na siku akianguka sokoni Mwanjelwa ni heri mtu wa kwanza kumfikia aukute ukurasa unaotaja dawa zake. Andikeni ukurasa wa kwanza: ugonjwa, dawa na dozi, dawa inayomdhuru, namba ya ndugu. Kumficha bibi huyu ni kumtesa.

Anayetumia CTC: historia yote iache hospitalini, kwenye mfumo wao na kadi yao, wewe ubaki na kadi tu. Usipige picha kadi wala majibu ya wingi wa virusi. Kama ujumbe wa kukumbushwa unakuja kwenye laini isiyo yako, omba waondoe namba hiyo, ukumbuke tarehe mwenyewe. Kwenye daftari la kawaida si lazima uandikwe jina la ugonjwa. Mwambie daktari kwa mdomo, mkiwa wawili, mlango ukiwa umefungwa, naye ataelewa. Na kuhusu kwenda kuchukua dawa wilaya nyingine, siwezi kukulaumu, ila piga hesabu ya nauli ya miezi mingi kabla. Safari inayokushinda mwezi wa nne itakugharimu kuliko maneno ya mapokezi. Pengine kubadilisha kituo kwa uhamisho rasmi, ukachagua hospitali kubwa ambako foleni ni ya watu usiowajua, kutakufaa zaidi.

Binti wa chuo pale Iringa au Mbeya anayefuatilia hedhi au uzazi wa mpango: kalenda ya ukutani yenye vidoti visivyoeleweka na mwingine inashinda programu nyingi. Akitaka programu, basi ile isiyodai barua pepe wala namba ya simu na inayofanya kazi bando likiwa limeisha. Isiyohitaji intaneti ina njia chache za kupeleka habari zako. Akitaka kujua hali yake ya VVU bila kuandikwa popote kwanza, kujipima mwenyewe kumeruhusiwa na sheria tangu marekebisho ya mwaka 2019. Jibu likiwa na shaka au likionyesha maambukizi, lazima lithibitishwe kituoni, na hapo ndipo ataandikwa.

Mwenye bima: ajue kuwa fomu ya madai anayoisaini ina ugonjwa, vipimo na dawa, na inakwenda kwa bima. Wengi husaini bila kuisoma kwa kuwa foleni nyuma inasukuma. Kama ni bima binafsi iliyonunuliwa na mwajiri, muulize wakala kwa maandishi: mwajiri anapata ripoti ya majina au ya jumla tu? Huduma moja moja usiyotaka ipite huko unaweza kuilipia taslimu, ukiwa nayo. Wengi hawana, na hapo ushauri wangu unaishia.

Mama mjamzito hana ujanja, kadi ya kliniki lazima aende nayo, na ndani yake mna vipimo. Asiiache nyumbani kwa kuogopa, maana uchungu hauchagui siku ya mkunga anayemfahamu. Bahasha ya kaki, chini ya khanga kwenye begi la kujifungulia, basi. Mama mkwe akiitaka kuiangalia, jibu lipo na ni la heshima: "Mama, nesi amesema tusiifungue-fungue, inachanika."

Na kwa yeyote anayebadilisha au kuuza simu: kufuta picha moja moja hakutoshi, irudishe kama ilivyotoka kiwandani. Kabla ya kumwachia fundi, toa kadi ya kumbukumbu, na kama simu bado inawaka, kaa naye hadi amalize.

Ukifika dirishani, sema kwa sauti ya chini lakini usione haya: "Naomba niandike shida yangu kwenye karatasi," au "Naomba kujua nani anaweza kuliona faili langu." Karani mzuri hatakasirika. Siri ikishavuja, anza na mganga mfawidhi wa kituo, kwa barua yenye nakala unayobaki nayo: tarehe, saa, dirisha au chumba, nani walikuwepo, maneno yaliyosemwa. Kama ni mfumo wa kompyuta, barua hiyo iombe wakague nani alifungua faili lako kati ya tarehe fulani na fulani. Asipojibu, mganga mkuu wa wilaya anapatikana halmashauri, na baada yake ni Tume.

Katika barua hiyo usiutaje ugonjwa wenyewe. "Taarifa zangu za afya" inatosha, kwa sababu barua nayo itapitia masjala.